Shimo la Urefu wa Gaston

Barabara ya kutoka Bukavu kwenda Nyantende iko na kona moja ambayo mimi siikanyagi katikati. Ninapita pembeni kabisa, karibu na kanivo ya maji ya mvua, hata kama kuna matope. Watoto wananicheka. Wacheke, wao hawakuwa pale.

Nilikuwa nimeolewa karibuni. Muji ulikuwa umeisha kurudishiwa jina la Bukavu, lakini wazee walikuwa bado wanauita kwa jina la yule muzungu wa zamani. Bwana yangu Gaston alikuwa anatumika ku barabara, yeye na mudogo wake Lucien, chini ya kapita mumoja mwenye kuwasimamia, anaitwa Xavier. Nyumba yetu ilikuwa juu kidogo ya ile kona, kwa hiyo nilijionea kila kitu, sikusimuliwa na mutu.

Ile kona ilikuwa inazama. Wanaleta udongo mwekundu, wanamwaga, rulo inapita inashindilia, barabara inakuwa nzuri hata unaweza kutandika mukeka juu yake ulale. Kiisha mvua inanyesha mara mbili tatu, inalegea tena kama bugali iliyokosa unga. Wanaongeza changarawe, inamezwa. Wanaongeza mawe, yanaenda chini, wapi hatujui. Kamyo ya Amisi, mufanyabiashara wa Uvira, ililala pale ubavu na samaki yake yote, na tangu siku ile Amisi hakupita bila kusoma dua.

Njo watu wakaanza kusema. Siku zile sisi wote tulikuwa tunaogopa mutumbula. Ni watu waliosemekana wanakamata wenzao na kuwapelekea wazungu, na aliyekamatwa haonekani tena. Hakuna aliyemuona mutumbula kwa macho yake, lakini kila mutu alikuwa na rafiki ya shemeji yake aliyemuponyoka. Martine, jirani yangu, mwenye kuuza kasiksi, pombe ya ndizi, alikuwa anajua habari zao zote.

"Delphine," akaniambia, "ile barabara inaomba mutu. Haitasimama mpaka wamulaze mutu chini yake. Madaraja yote iko vile, uliza."

"Nimuulize nani?"

"Uliza tu."

Nilimucheka. Lakini kicheko kilikuwa cha mudomo, moyo ulikuwa umeisha kushikwa.

Basi akakuja muzungu mupya. Tulimuita Bwana Kamba, juu ya kamba yake ya kupimia ambayo haikutoka mukononi. Huyo hakuomba udongo. Alipanda ukingo wa mulima, akang'oa majani, akatia vidole ndani, akavinusa. Kesho yake akaamuru shimo.

Gaston alirudi nyumbani na furaha utafikiri wamemupa ng'ombe. "Tulikuwa wajinga," akasema. "Tunaongeza udongo juu, kumbe ugonjwa uko chini. Ndani ya mulima kuna jicho la maji. Maji yanapita pole pole chini ya barabara, udongo unayanywa, unalegea." Akachukua kipande cha bugali, akakiweka katikati ya muchuzi, akakibonyeza na kidole kikaachana. "Umeona? Sasa tunachimba mufereji wa kukata barabara, toka mulima mpaka bondeni. Mawe makubwa chini, madogo juu, kiisha udongo. Maji yanapita katikati ya mawe yanaenda zake, barabara inabaki kavu."

"Mutachimba kwenda chini namna gani?"

"Mpaka ku mabega yangu. Bwana Kamba amesema mimi njo murefu kuliko wote, tutapimia mimi."

Hiyo sikuipenda. Nilimuambia kwa nini wasipimie muti, miti imeisha? Akasema muke wangu una maneno mengi, kula.

Walichimba nusu ya barabara kwanza, upande wa bondeni, ili kamyo zipate kupita nusu ingine. Sisi wanamuke tulikuwa tunabeba mawe toka mutoni, kitunga mugongoni, mukanda ku paji la uso. Ukibeba vile unatazama chini tu. Nilifika pale kando ya shimo, nikainua macho nivute pumzi, nikaona.

Shimo lilikuwa jembamba, refu kupita mutu aliyelala kidogo tu. Ndani, Gaston amelala. Amelala chini kabisa, shavu ku udongo, hatikisiki. Juu yake kamba imenyooshwa toka kichwani mpaka miguuni. Xavier ameshika mwisho mumoja, muzungu ameshika mwingine, na muzungu anatikisa kichwa kusema ndiyo.

Martine alikuwa nyuma yangu. Akasema kwa sauti ndogo, na ile sauti ndogo njo iliyoniua: "Wanamupima."

Mawe yalianguka toka ku migongo ya wanamuke. Hakuna aliyepiga kelele, tulikimbia tu, na mikanda inapepea. Nilipogeuka nikaona Gaston amesimama ndani ya shimo, mabega yako nje, anatutazama kama mutu aliyeamushwa.

Jioni alicheka mpaka akakaa chini. "Nilikuwa naangalia kama chini kunateremuka vizuri! Ukiweka shavu ku udongo, jicho linaona pale maji yatasimama. Kamba ni ya kunyooshea mustari. Eh, Delphine, ungeniuliza."

"Sawa," nikasema. Lakini sikuamini sawa. Nani anamulaza mutu wa watu ndani ya shimo kama lile na kumunyooshea kamba? Alipoenda kunawa, nikachukua piosh yake ya kuchimbia nikaificha mugombani.

Asubuhi hakuna aliyeenda ku kazi. Martine alikuwa ameisha kuzunguka kijiji chote. Bwana Kamba na Xavier wakapanda motokari kwenda kutafuta watu wengine mujini. Shimo likabaki wazi, na upande wa Kabare mawingu yalikuwa yanajipanga.

Gaston alitafuta piosh yake, hakuipata, akanitazama. Hakucheka tena. "Udongo ule ukilowa, kuta hazisimami," akasema. "Tukijaza mawe leo, imeisha. Tukiliacha wazi, litakula nusu ya barabara."

Aliposema lile neno, litakula, nilisimama mulangoni. Nilimushika mukono. Nilimuomba kwa jina la mama yake. Akautoa mukono wangu pole pole, akamuburuta Lucien kwa shati, wakaenda na mikono mitupu.

Mvua ilishuka kabla ya saa sita. Mimi nilikuwa nimekaa mulangoni, siwezi kupika, siwezi hata kufagia. Nikamuona Lucien anapanda mbio, uso wake umekuwa wa majivu.

"Shemeji, imemukamata."

"Nani imemukamata? Sema!"

"Barabara. Ukuta ulimuangukia, akapotea. Kiisha nikasikia sauti yake ndani ya udongo, inaniita." Akapita mbele yangu, akaingia nyumbani kwangu, akajifunga ndani. Mwanaume mwenye ndevu.

Kijiji chote kilisikia. Nilisikia milango inafungwa, mumoja, mwingine, mwingine. Nikachukua jembe. Nitasema ukweli: sikwenda juu ya ushujaa. Nilikwenda kwa sababu miguu ilienda, na mimi nilikuwa nalia juu yake.

Shimo lilikuwa limebadilika. Ukuta wa upande wa mulima ulikuwa umeporomoka ndani, na udongo ulikuwa umefunga mudomo wa mufereji kule bondeni. Maji ya mulimani yalikuwa yanaingia, hayana pa kutokea. Katikati ya ile supu nyekundu niliona kichwa. Kichwa peke yake, hakina mwili, macho meupe. Nilitaka kukimbia. Nakuambia, nilikuwa nimeisha kugeuka.

"Delphine."

Nikashuka. Nikaanza kuchimba karibu na shingo yake kwa mikono, kama mubwa.

"Acha," ile sauti ikasema. "Usichimbe hapa. Mawe yamelalia muguu wangu, hautaniweza. Nenda chini, bondeni. Fungua mudomo."

"Sikuachi."

"Nenda. Niache."

Maji yalikuwa yamefika ku kidevu. Nikamutazama vizuri, nikaogopa kuliko mara zote. Gaston gani ananifukuza? Martine alikuwa amesema wale waliolazwa chini ya madaraja wanasema na sauti ya ndugu zao, wanadanganya. Ninamuacha, ninashuka bondeni, ninarudi nakuta barabara imejifunga laini, hakuna kitu. Niliona vile kabisa, na macho wazi.

Kisha akasema: "Bugali ndani ya muchuzi, Delphine. Nenda."

Hakuna mutu mwingine aliyekuwa ku meza yetu ile siku. Nikakimbia.

Kule bondeni udongo ulikuwa umejaa mufereji mpaka juu. Nililima. Sijalima vile tena, hata shamba la mama yangu. Jembe linaingia, linanata, linatoka na fyuu. Sikuwa nasikia sauti yake tena, mvua peke yake. Nilimuita, hakujibu. Nikaendelea kulima na kumutukana, yeye, na muzungu, na kamba, na Martine, na mama wa Martine. Halafu ukuta ulitoa jasho, ukapasuka, na maji yakanipiga kifuani yakaniangusha chini.

Niliporudi, maji yalikuwa yameshuka mpaka tumboni kwake. Kichwa kimelala pembeni. Nikaweka sikio ku mudomo wake. Alikuwa anapumua.

Nyuma yangu Martine alikuwa amesimama na mukanda wake wa kubebea, analia kama mutoto. Nyuma ya Martine, Lucien. Tuliondoa mawe, tukapitisha mukanda chini ya makwapa, tukavuta. Akatoka. Muguu wa kushoto ulitoka naye, lakini ulikuwa si muguu tena. Ku hospitali waliukata chini ya goti.

Bwana Kamba alirudi na watu wake, wakajaza mawe kama Gaston alivyosema, makubwa chini, madogo juu. Kiisha nusu ingine. Kiisha udongo, changarawe, rulo, na mbele ya mwaka kuisha wakamwaga gudron, nyeusi, inang'aa. Kona haijazama tena mpaka leo. Ukishuka bondeni utaona maji yanatoka ku mudomo wa mufereji, safi, watoto wanayachota.

Watu walisema imekula muguu, imeshiba. Wanasema hata sasa, na wengine wanamusalimia Gaston kwa heshima ya ajabu, kama mutu aliyewalipia. Yeye anawaeleza jicho la maji. Anawaeleza vizuri, na vipande vya bugali, mpaka chakula kinapoa. Najua anasema kweli. Nusu ya yale mawe nilibeba mimi, ku paji langu hili.

Lakini siku ya Mungu tunaenda ku misa pamoja, yeye na muguu wake wa muti na fimbo yake. Tukikaribia ile kona, maneno yake yanakwisha. Anapita pembeni, karibu na kanivo, na anatafuta mukono wangu. Mimi mwenye kumutania toka asubuhi mpaka usiku, kwa ile sijamutania hata mara moja. Ninamupa mukono, tunapita.