Kiungo cha Kabla ya Mita

Fundi alikuwa amelala chali chini ya sinki la saluni, nusu ya mwili ndani ya kabati na nusu nje, maji machafu yakimdondokea shingoni, aliposikia sauti yake mwenyewe ikizungumza kutoka upande wa pili wa chumba.

"Tazameni kazi ya mkono," sauti ilikuwa inasema. "Aliyeunga bomba hili yuko kaburini, na bomba lenyewe halijawahi kudondosha hata tone."

Mwenye saluni alicheka. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, miguu juu, simu mkononi. "Kumbe ni wewe kweli. Nilidhani utamtuma mtu. Watu maarufu huwa mnatuma watu."

"Umaarufu gani, dada. Nisogezee hiyo ndoo."

Akamsogezea kwa mguu. Bomba lilikuwa limezibwa na nywele za kila rangi, na fundi alizivuta taratibu kwa waya aliokunja ncha yake kuwa ndoano. Alikuwa na furaha ambayo hakutaka ionekane. Tangu video ile itoke Ijumaa simu ilikuwa haikai kimya, na kwa mtu aliyekuwa akishinda kwenye kibaraza cha duka la vifaa, akipiga soga na kungoja atakayeharibikiwa na koki, hilo halikuwa jambo dogo.

Wazo la kujitangaza mtandaoni lilikuwa la mkewe. Yeye alilipinga. Mzee aliyemfundisha kazi alikuwa akisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na mwanafunzi wake aliishi kwa kauli hiyo mpaka ikamkondesha. Wateja wote walikuwa wamehamia kwa vijana wenye kurasa zao, vijana wasiojua hata kuzungusha tepu kwenye uzi wa bomba, wanaovaa ovaroli safi na kucheza muziki mbele ya choo. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza hicho chema chake kimejiuza kwa nani wiki hii. Ukurasa ukafunguliwa jioni hiyo hiyo, mke mpiga picha na mume mwenye sura.

Video za mwanzo walizitazama shemeji zake tu, nao kwa huruma. Hii ya Ijumaa ilikuwa tofauti. Waliipiga kwa Mama, mjane wa yule Mzee, mwanamke anayeishi kwa kufulia watu nguo katika nyumba ya vyumba viwili iliyo mwisho wa uchochoro. Ua wake ulikuwa umeanza kutota. Fundi aliinua kipande cha zege, akakuta panapovuja, akapatengeneza. Kisha akakiona kiungo cha Mzee pembeni: chuma kwa chuma, katani imeviringishwa na kupakwa rangi kama zamani, kila uzi umekaa mahali pake. Hakuweza kunyamaza. Akamwambia mkewe piga hapa, akaanza kumsifu marehemu, na katikati ya maneno sauti ikamkatika. Watu waliipenda video kwa sababu hiyo, maana mtandaoni hawajazoea kuona fundi akitaka kulia juu ya bomba.

"Huyu anasema Mungu amrehemu mzee wa watu," mwenye saluni alikuwa akisoma komenti. "Huyu anataka namba yako. Huyu... sijui ana nini huyu. Anasema, 'Mbona hilo bomba limechepuka kabla ya mita?' Halafu kaweka vikaragosi vinavyocheka."

Mkono wa fundi ulisimama ndani ya bomba.

"Kasema nini?"

"Kabla ya mita. Na mwingine hapa chini kawatag watu wa maji. 'Njooni muone wenyewe.'"

Alijigonga kichwa akitoka chini ya sinki. Aliiomba simu, akaishika kwa mikono yake yenye tope, na mwenye saluni akamwachia, kwa jinsi alivyomwona usoni. Kidole chake mwenyewe kilionekana kikielekeza kwenye kiungo. Karibu na kidole, waziwazi kama pua usoni, ilionekana mita na kifuniko chake chenye kutu, na upande wa huku wa mita bomba jembamba likitoka kwenye kiungo kile na kupita chini ya ukuta kwenda ndani.

Bomba lile alilijua siku zote. Alilijua kama mtu anavyoijua harufu ya nyumba yake, yaani hakulijua tena. Miaka ile mita ilikuwa ikisoma upepo; maji hayatoki, koki inapiga miluzi, na bili inakuja. Mzee alipochoka kulalamika aliunga njia yake isiyopita kwenye mita, akaacha mita ikijizungukia kidogo kwa ajili ya heshima, na mtaa mzima ulijua na kunyamaza. Ndipo fundi, kwa mapenzi yake yote, akatazama ufundi na kusahau kutazama bomba linakwenda wapi. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angeweza kufanya kosa la kijinga namna ile, alijiambia, ila fundi bomba.

Alirudisha sinki, akaondoka bila kunawa. Njiani alimpigia mkewe.

"Ifute ile video."

"Ipi?"

"Ya kwa Mama. Ifute sasa hivi."

"Baba, ile ndiyo inayotulisha."

"Bomba linaonekana limepita kabla ya mita. Watu wameshaona."

Alimsikia mkewe akibonyeza, akivuta pumzi, akibonyeza tena. "Nimefuta," alisema hatimaye. "Lakini imeshasambaa. Iko kwenye kurasa za watu tusiowajua, nyingine wamelifuta hata jina letu. Maji yakimwagika..." Akaishia hapo.

Alipofika, nguo zilikuwa kwenye kamba, na katikati ya ua walisimama watu wawili wa idara ya maji. Mmoja alikuwa na miwani na tumbo la mtu anayekula kwa wakati. Mwenzake alikuwa na simu mkononi, akipiga picha kila kitu, hata masufuria. Kipande cha zege kilikuwa kimeshainuliwa. Mama alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa chini juu, mikono ina povu mpaka viwikoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja."

"Huyu hapa mwenyewe," alisema mwenye miwani, kwa furaha ya kweli. "Tulikuwa tunakuulizia. Mimi ni mfuasi wako, ujue. Tangu Ijumaa nimezitazama zote, mpaka ile ya choo cha kukaa."

Fundi alimsogelea. Njia nzima alikuwa ametafuta maneno, na haya ndiyo aliyopata. "Kiungo hicho nimekiweka mimi. Mama hajui lolote. Kama ni kesi, ni yangu."

Mwenye miwani alimtazama kwa upole, akachukua simu ya mwenzake, akapekua, akaiinua. Aliyeunga bomba hili yuko kaburini, ilisema sauti ya fundi, ikikatika kwa majonzi.

"Sasa nimwamini nani," aliuliza, "wewe wa leo au wewe wa Ijumaa?"

Ama kweli mdomo uliponza kichwa, na hapa kichwa chenyewe kilikuwa cha mtu mwingine. Mama alijifuta povu kwenye kanga. "Bwana mkubwa, mita yenu ilikuwa inasoma upepo. Mume wangu alikuja ofisini kwenu mpaka mlinzi akawa anamwita shemeji. Hakuna aliyekuja kuitazama. Leo kwa video mmekuja wawili."

"Nakuelewa, Mama."

"Kama unanielewa, niunganishie kwa mita. Nitalipa kama wengine. Mimi kazi yangu ni maji. Bila maji mimi ni bibi tu aliyekaa uani."

"Haina shida. Aje mwenye mita ofisini."

"Mwenye mita ndiye huyo mnayemsikia yuko kaburini."

"Basi aje mrithi, na karatasi za mahakama za mirathi."

"Mirathi ya nini? Ya vyumba viwili na kamba za kuanikia?"

Mwenye miwani alikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomkera fundi zaidi, kwamba hapakuwa hata na mtu wa kumkasirikia. "Mimi sikutumwa kusikiliza, Mama. Nimetumwa kukata." Akamgeukia fundi. "Ila gari la vifaa halina mafuta. Tumekuja kwa miguu. Wewe una msumeno."

"Mimi?"

"Ukikata, wewe ni raia mwema uliyetusaidia. Usipokata, itabidi niseme mlikuwa pamoja, na leseni yako sijui kama unayo."

Hakuwa nayo, na nani mtaani alikuwa nayo. Fundi alimtazama Mama. Alitaka Mama amkataze. Alitaka amtukane, amfukuze, amwambie asikanyage tena pale. Angeondoka na msumeno wake, liwalo na liwe.

"Kata, mwanangu," alisema Mama. "Wakikata wao watanivunjia na sakafu."

Alipiga magoti. Mwenye simu alimwomba ageuze uso kidogo kwenye mwanga, kwa sababu ofisi nayo ina ukurasa wake, na mkurugenzi anataka idara ionekane kazini. Msumeno ulianza kula chuma. Alikata taratibu, akiacha kiungo chenyewe kizima, kama kwamba hilo lingesaidia. Maji yaliporuka, Mama aliinuka bila kufikiri, akasukuma beseni chini yake, na wote wanne wakasimama wakilitazama likijaa. Kisha fundi akafunga kizibo, na ua ukawa kimya.

"Mama," alianza.

"Usiniombe radhi mbele ya hawa." Aliinama kana kwamba anapanga nguo, akashusha sauti. "Na usidhani nina kinyongo. Mkeo alinirushia ile video. Nimeitazama usiku na mchana. Ulimsifu vizuri. Tangu afe hakuna aliyemtaja mbele za watu, nikawa nasikia kama yupo chumba cha pili."

Fundi hakujua afanye nini na uso wake. Angevumilia matusi, hilo hakuwa amejiandaa nalo. Mlangoni alisimama mama mmoja jirani aliyekuja kuchukua nguo zake, akaona kilichotokea, akaokota furushi lake ambalo halijafuliwa. "Nitakuletea tena maji yakirudi, dada," alisema, na wote walijua hatalileta. Mama alimsaidia kufunga fundo.

Simu ya fundi ililia. Mikono ilikuwa na tope na mafuta, akaiweka chini, akabonyeza spika kwa kifundo cha kidole.

"Uko wapi?" ilikuwa sauti ya mkewe, ya haraka, yenye kitu kama uhai ndani yake. "Kuna mteja. Mama mmoja wa mtaa wa juu, nyumba ya geti jeusi, lile lenye maua juu ya ukuta. Anataka uende leo leo na vifaa vyako. Anasema bustani inakunywa maji na bili imemchosha. Kaiona video. Anataka umuungie kama lile la Mama. La kabla ya mita."

Mwenye simu aliacha kupiga picha. Fundi alinyoosha kidole kuizima, kidole kikateleza kwa mafuta, na mkewe akaendelea kusema kwamba anaonekana mtu wa maana, asimpoteze, anaweza kuwaleta wenzake wote wa kule.

Alipoizima, mwenye miwani alikuwa akisafisha miwani yake kwa ncha ya shati.

"Geti jeusi," alisema. "Pale ni kwa mkurugenzi wetu. Huyo aliyepiga ni mkewe."

Fundi alingoja. Alidhani sasa yatasemwa maneno mazito, kwamba anawekewa mtego, au kwamba msumeno wake unachukuliwa. Mwenye miwani alivaa miwani, akamtazama kama mtu anayempa ndugu yake ushauri mzuri.

"Nenda. Ni watu wema, wanajua kumtunza fundi. Ila kule usipige video."

Wakaondoka, wakiaga kwa adabu, mwenye simu akimwahidi fundi kwamba watamtaja kwenye ukurasa wa ofisi. Mama alikuwa ameshaketi tena. Alichota maji ya beseni kwa kikombe, kidogo kidogo, akijaribu kusuuza shati moja lililokuwa limebaki na povu.

"Siendi," alisema fundi.

"Utakwenda."

"Siendi, Mama. Nitaendaje kumuungia yule kitu nilichokukatia wewe?"

"Usipokwenda, kesho maji yatatoka hapa?"

Fundi alikitazama kizibo alichokifunga.

"Basi nenda. Una watoto." Alilikamua shati, akalikung'uta, akatafuta nafasi kwenye kamba. "Na ukiunga, unga vizuri. Wasije wakasema mume wangu hakukufundisha."

Alikusanya msumeno, spana na katani, akafunga mfuko. Pale mlangoni aligeuka kusema neno, lakini Mama alikuwa amempa mgongo, akizibana nguo za watu kwa vibanio. Akatoka uchochoroni. Moyo ulikuwa umemjaa aibu, na alijiapiza kwamba atafuta ukurasa ule wote, atarudi kibarazani kwenye duka la vifaa, afe na chema chake kisichouzika. Alijisemea hayo mtaa wa kwanza, akajisemea tena mtaa wa pili, huku akifikiria bustani kubwa kiasi gani, bomba la ukubwa gani, na kama mama yule kweli atamtaja kwa wenzake. Alikuwa ameshavuka barabara kuu alipogundua kwamba anatembea haraka.