Kelele za Bangili Zangu

Mdachi wa daraja la reli alitupanga wanawake wanne kando ya mto Ngerengere, kila mmoja na mwanzi wake, ncha moja majini, nyingine sikioni. Baadaye angegonga kengele chini ya maji, apime sauti inafika umbali gani, lakini kwanza alitaka kujua mto wenyewe una kelele kiasi gani.

Nikamshikia mwanzi wangu, akasikiliza, akakunja uso. "Mwanaheri, vua bangili! Zinagonga mwanzi."

"Sivui." Anayevua mapambo ni mjane, na mume wangu Kibwana alichukuliwa tu kubeba mizigo ya serikali. Nani kaniambia amekufa? "Zihesabu pamoja na kelele za mto."

Akafoka weee, lakini akazihesabu.

Wapagazi waliokwenda na Kibwana walirudi bila yeye wakati wa mavuno. Wakanikuta shambani, wakashindwa kunitazama usoni.

Eda ilitaka nikae ndani, lakini ndani hamkuwa na unga. Nikarudi mtoni, nikamshikia Mdachi mwanzi.

Akasikiliza, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Leo safi kabisa! Kwa nini hukuzivua tangu mwanzo?"

Niliupeleka mwanzi sikioni kwa mkono mtupu. Mto ulisikika peke yake.