Bangili za Nyanya Mabrouka na Jicho la Akeyo

Nyanya yangu Mabrouka anaamini dunia ina magonjwa mawili tu, uchafu na husuda. Uchafu anautibu kwa jiki, ile ya kung'arishia mashuka. Husuda anaitibu kwa kumfukuza mtu kwenye ploti, na kwa kuwa ploti yetu hapa Kibera ni yake, dawa zote mbili huwa karibu.

Wiki ya harusi ya kaka yangu Shafi alitoa sandukuni bangili za fedha alizoachiwa na mama yake. Kila bibi harusi anayeingia nyumba yetu lazima azivae. Zilikuwa zimefifia. Akeyo, mpangaji wetu anayeuza mitumba Soko la Toi, alikuwa akipita na mtungi wake, akazishika akacheka.

"Aki Mama Mabrouka, hizi mtu akiwa nazo hata hahitaji bwana."

Hakusema mashallah ya kukinga jicho. Ni Mjaluo wa kanisani, neno hilo angelitoa wapi?

Alipoondoka, nyanya akaziloweka kwenye beseni la jiki ili zing'ae, akaenda kuswali. Aliporudi zilikuwa nyeusi tititi. Mtu mwingine angelaumu beseni. Nyanya alimlaumu Akeyo: jicho lile limekula bangili za mama yake, na kabla ya Jumamosi awe amehama. Akeyo alilia mlangoni kwake, watoto wamemshika leso. Nilikasirika.

Mimi narudia mtihani wa kemia. Mara ya kwanza nilipata alama ambayo nyanya huwasimulia wageni kabla hawajaketi. Sasa nasoma kwa mwalimu Khamala, kule mtaa wa Kongo, Kawangware, katika chumba kilicho nyuma ya kinyozi, na tulikuwa tumefika kwenye oksidesheni. Khamala anasema metali ni kama jamaa zako: wako wanaotoa elektroni wakiguswa tu, na wako mabahili. Fedha ni bahili. Lakini klorini ya jiki haiombi, inanyang'anya. Aliyenyang'anywa ndiye amepata oksidesheni. Akirudishiwa, hiyo ni ridaksheni. Nikamuuliza nani atairudishia fedha elektroni zake. Akasema nitafute metali karimu, kama alumini.

Niliporudi nyumbani nilivua hereni yangu ya fedha nikaitumbukiza kwenye jiki mbele ya nyanya. Akeyo alikuwa Toi, anapanga suruali. Hereni ikageuka nyeusi tukiitazama. Nyanya akasema jicho la Akeyo linafika mbali.

Haya. Nikachemsha maji, nikatia chumvi na magadi ya kupikia mboga, nikayamimina juu ya bangili kwenye beseni la plastiki. Hakuna kitu. Nyanya akauliza kama huko Kawangware wananifundisha kupika supu ya mapambo. Nikafikiri, nikakumbuka: elektroni haziruki hewani, sharti fedha iguse alumini. Na alumini kubwa pale nyumbani ilikuwa moja, sufuria yake ya pilau ya harusi, ambayo hata marehemu babu hakuruhusiwa kuigusa.

Niliichukua bila kuomba. Nikazilaza bangili chini kabisa, nikamwaga maji yanayochemka. Mapovu yakapanda, chumba kikanuka mayai viza, na weusi ukaanza kutoka mbele ya macho yetu. Nyanya aliacha kucheka. Alizitoa, akazigeuza mpaka akaliona jina la mama yake lililochorwa ndani, na machozi yakamtoka. Kisha akaiona sufuria, imejaa mabaka ya kijivu.

"Na hii imefanya nini?"

"Imetoa," nikamwambia. "Jiki ilinyang'anya, sufuria ikarudisha. Nionyeshe Akeyo yuko wapi hapo."

Jioni Akeyo aliporudi alianza kufunga vyombo vyake kwenye gunia. Nyanya akabisha hodi, bangili mkononi. Akeyo alipoziona akageuza uso haraka, akamfunika mwanawe macho kwa kiganja.

Nyanya akamsogezea bangili.

"Ziangalie, Akeyo," akasema. "Ilikuwa jiki. Ni mimi niliziweka."

Akeyo aliendelea kutazama sakafu. Nyanya akamshika mkono, akamvisha moja.