Jirani Aliyefutwa

Nevena aliteremka mlima kutoka kituo cha darubini kwa kasi ya mtu anayefukuzwa, gari likilia kwenye kila kona, maana Profesa Zlatan Voynov alikuwa mahututi na hajaambiwa ukweli.

Maisha yake yote mzee aling'ang'ania jambo moja. Zipo galaksi nyembamba, hafifu, ambazo gesi yake imetawanyika mno hata hazizai nyota, zimelala tu. Ghafla moja inaamka, inajaa nyota changa za buluu. Nani kaiamsha? "Jirani," alisema Voynov. "Galaksi ndogo inapita karibu, inaikoroga ile gesi, gesi inarundikana, nyota zinazaliwa." Wenzake kule chuoni Sofia walimcheka waziwazi: "Zlatan, huyo jirani wako mzimu? Mbona hatumwoni?"

Mwaka jana Nevena, mwanafunzi wake wa mwisho, alipiga picha bora kuliko zote, akaisafisha kama alivyofundishwa na mzee mwenyewe: kwanza ondoa mwanga wa anga. Picha ikatoka safi, jirani hayupo. Akampigia simu kumwambia. Mzee akasimama mbele ya mkutano mzima wa wataalamu wenzake akatamka kwamba alikosea, na tangu siku hiyo hakupanda tena mlimani.

Leo asubuhi ndipo Nevena alipoifungua picha mbichi, ile isiyosafishwa. Jirani alikuwepo! Amejinyoosha kama ukungu ubavuni mwa galaksi. Kompyuta ilimdhania mwanga wa anga ikamfuta, na Nevena, na haraka zake, hakutazama mara mbili. Alinyakua funguo za gari akatoka mbio.

Mlangoni kwa Voynov alikuta limebandikwa tangazo la kifo lenye picha ya mzee, gundi haijakauka.

Mjane wake, Stoyna, ambaye Nevena humwita shangazi kwa heshima, alimwingiza jikoni akampa kibakuli cha ngano ya kuchemsha iliyonyunyizwa sukari, kama wapewavyo wote wanaokuja msibani.

"Sema Mungu amsamehe, mwanangu, halafu ule."

Nevena alikishika kibakuli, akiitazama sukari ikiyeyuka.

"Sema basi! Mpaka jana anakutaja wewe tu. 'Wengine walinicheka,' anasema, 'yule mtoto ndiye aliyenionyesha kosa langu. Nakufa nimetulia.'"

"Shangazi, hakukosea. Jirani yupo. Mimi ndiye niliyemfuta."

Stoyna akamnyang'anya kibakuli taratibu, akairudisha ngano sufuriani, akaenda kumfungulia mlango atoke.