Kibakuli cha Kaka Mkubwa

Zuurakan alikuwa diwani mwenye samovari, mtungi wa shaba wa kuchemshia maji ya chai. Madiwani wenzake kumi walikuja barazani na kofia zao nyeupe za sufu na masharubu yao. Yeye alikuja na kitambaa cha meza, mkate na kikapu cha maandazi. Ndiye mwanamke pekee aliyechaguliwa, na alikuwa ameolewa katika ukoo uliojaza kijiji kizima. Umri wake miaka hamsini na mitatu, mjane, magoti yanamsumbua kila theluji ikianguka. Lakini kwa wazee wale alikuwa bado bibi harusi aliyeletwa jana, na kazi ya bibi harusi ni chai. Hakuna aliyemlazimisha. Ungewauliza wangekuapia kwamba wanamheshimu sana, na kweli walimheshimu, hasa kiu ilipowashika.

Mwaka uliopita chai hiyo ndiyo iliyomponza. Bajeti ya kijiji ilitosha jambo moja kubwa tu: ama kuezeka upya chekechea, iliyofungwa tangu theluji ilipoangusha paa lake miaka tisa nyuma, ama kusawazisha uwanja ambapo wanaume hushindana juu ya farasi kunyang'anyana mzoga wa mbuzi. Madiwani watano walitaka chekechea, kwa kuwa wake zao hawakuwapa usingizi. Watano walitaka uwanja. Kura ya Zuurakan ndiyo ingeamua, na kila mtu alijua ingekwenda wapi.

Asubuhi nzima walibishana. Kisha Orozali, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, akanyoosha kibakuli chake kitupu. Zuurakan aliinuka hata kabla ya kufikiri. Birika nalo likawa tupu, akaenda chumba cha nyuma kwenye samovari, na aliporudi mwenyekiti Jumadil alikuwa anafunga faili.

"Tumeshapiga kura, shemeji," alisema. "Tano kwa tano, yangu ikaamua. Uwanja umepita."

"Mbona hamkuningoja?"

"Si ulikuwa na chai," alijibu Jumadil, kwa sauti ile ile ambayo mtu husema fulani alikuwa na homa.

Zuurakan akawamiminia chai. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote baadaye: kwamba aliwamiminia, mmoja mmoja, akianza na mkubwa.

Chekechea ile haikuwa jambo la karatasi kwake. Mwanawe Taalay na mkewe Perizat walikuwa Moscow mwaka wa sita. Perizat alikuwa na cheti cha ualimu wa watoto wadogo, na kwa cheti hicho alikuwa anasugua sakafu za duka la watu. Binti yao Begayim alizaliwa huko, akafikisha miaka minne, na bibi yake hakuwahi kumshika hata siku moja. Alimjua kwa uso wa kwenye simu, uso unaokwama mdomo wazi mtandao ukikatika. "Mama," Perizat alikuwa amemwambia, "siku chekechea ikifunguliwa, mimi na mtoto tunarudi. Taalay atakuja akichoka. Lakini nikija hivi hivi bila kazi, tutakula nini?" Kwa hiyo paa lile lilikuwa ndilo mlango wa nyumba ya Zuurakan. Nyumba yenyewe ilikuwa na vyumba vinne, na yeye alilala katika kimoja na kufagia vitatu.

Mtu mmoja tu alivuka kizingiti chake: Orozali mwenyewe. Tangu mdogo wake Kubanych afariki, mzee yule alikuja kila siku baada ya swala ya alasiri, akamfunga farasi wake wa kijivu kwenye kigingi, akavua buti na kuketi mahali pa heshima, mbali na mlango. Zuurakan hakuwahi kulitamka jina lake. Mke halitaji jina la kaka wa mumewe. Alimwita Kaka Mkubwa.

Kibakuli cha chai kwao hakijazwi. Mgeni humiminiwa kidogo, thuluthi tu, ili akimaliza akirudishe kwa mwenyeji, amiminiwe tena, na maongezi yaendelee. Ukimjazia hadi ukingoni umemwambia bila kufungua mdomo: kunywa, uende zako. Orozali alikunywa vibakuli saba, wakati mwingine tisa. Alizungumza juu ya kondoo, juu ya nyasi, juu ya mgongo wake. Hayakuwa maongezi ya maana, lakini jirani akizima redio ndipo unajua ulikuwa unaisikiliza. Akiondoka, nyumba ilinyamaza jii mpaka kesho yake alasiri.

Majira ya kuchipua yalipofika, bajeti ikarudi mezani. Safari hii ushindani ulikuwa ni chekechea dhidi ya jukwaa na ukuta wa uwanja. Wakati huo huo afisa mmoja wa kike alikuja kutoka wilayani, akawafundisha kutwa nzima kwamba kila fedha ya umma iulizwe inamfaa nani, wanaume wangapi, wanawake wangapi. Akaacha fomu yenye safu mbili. Madiwani wakaipokea kwa adabu wakaifungia maandazi. Zuurakan aliichukua ya kwake, akapita nayo nyumba kwa nyumba, kalamu ndani ya soksi.

Kwa Nasipa, jirani wa mtaa wa chini, alimkuta mtoto wa miaka miwili amefungwa kwa kilemba cha mama yake kwenye mguu wa kitanda.

"Usiniangalie hivyo, mama," Nasipa alisema, ndoo ya maziwa mkononi. "Nikimwacha wazi anakwenda kwenye jiko. Ng'ombe hakamuliwi kwa simu."

"Sikuangalii wewe," Zuurakan alisema. "Natafuta pa kuandika. Hapa hapana safu ya kilemba."

Akahesabu watoto sitini na mmoja.

Siku moja kabla ya kikao Orozali alikuja kama kawaida. Alikunywa vibakuli vitatu, kisha akasema, "Jukwaa litaandikwa jina la mdogo wangu. Nimeshakubaliana na Jumadil. Kwa rangi nyekundu, lionekane tangu barabarani."

Zuurakan akaweka birika chini. "Kubanych aliupenda mchezo ule," alisema.

"Kuliko chakula. Na nani anamkumbuka sasa? Mimi na wewe. Tukifa sisi, basi."

"Kaka Mkubwa, Begayim ana miaka minne. Sijui hata harufu yake."

"Watoto hukua popote, shemeji."

"Hukua. Lakini mimi nazeekea hapa."

Mzee alimalizia chai yake, akakirudisha kibakuli. Zuurakan akammiminia kidogo, kama ipasavyo. Hakuna aliyelisema tena jambo hilo, na jioni ile alikunywa tisa.

Mzee alipokwenda, Zuurakan alibaki akiutazama mkono wake wa kulia. Wazee hakuwaogopa sana. Aliuogopa mkono huo. Alijifahamu: akiona kibakuli kitupu mbele ya mkubwa, mkono utainuka na miguu itafuata, hata kama nyumba inaungua. Miaka thelathini na moja umefundishwa hivyo. Aliwahi kuomba barazani aajiriwe mtu wa chai, na diwani Kerimbek, mcheshi wa kijiji, akauliza kama na wa kuwatafunia maandazi aajiriwe pia. Wakacheka mpaka mbavu zikawauma.

Asubuhi ya kikao alisoma fomu yake kwa sauti. "Chekechea: watoto sitini na mmoja, mama zao hamsini na wanne. Uwanja: wanaume mia na arobaini. Wanawake, sifuri."

"Sifuri vipi?" Kerimbek alidakia. "Weka watazamaji! Wake zetu watakaa jukwaani watutazame!"

"Saa ngapi, Kerimbek? Wakati wanakamua, au wakati wanakupikia? Mkeo kaniambia tangu umuoe hajaona mchezo hata mmoja."

Wale watano wa chekechea walicheka. Jumadil hakucheka. Aligonga kalamu mezani, akatazama vibakuli vilivyokuwa vinakaribia kwisha, akanyamaza. Zuurakan alikiona kimya kile akakielewa. Mwenyekiti alikuwa anangoja chai.

Akainuka. Alikwenda kwenye samovari na kurudi na birika kubwa, lile la harusi na misiba, akaanza na mkubwa, kama ipasavyo. Mkubwa alikuwa Orozali.

Mbele ya kibakuli kile alisimama. Angeweza kummiminia yeye kidogo na wengine wote kuwajazia. Hakuna ambaye angemlaumu. Lakini mzee angekunywa, angekinyoosha kitupu, naye angeinuka. Alijua kabisa kwamba angeinuka. Alikumbuka farasi wa kijivu kwenye kigingi. Alikumbuka vile vyumba vitatu. Kisha akamimina, na chai ikapanda, ikapita thuluthi, ikapita nusu, ikafika ukingoni na kutetemeka hapo. Mkono wake haukutetemeka, na jambo hilo lilimhuzunisha.

Orozali alikitazama kibakuli. Kisha akamtazama yeye, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, machoni moja kwa moja.

Zuurakan akaendelea. Jumadil, hadi ukingoni. Kerimbek, hadi ukingoni.

"Lo! Shemeji anatufukuza!" Kerimbek alisema, lakini sauti ilimfia njiani, na hakuna aliyecheka.

Akawajazia wote kumi, akaweka birika sakafuni, akaketi kwenye kiti chake na kukunja mikono. Kwenye chumba cha nyuma samovari ilikuwa inachemka. Hakuna aliyekunywa, maana chai ya namna hiyo ukiinywa umekubali kuondoka. Na kwa vile hakuna aliyekunywa, hakukuwa na kibakuli kitupu chumbani. Jumadil alijaribu kusoma barua ya wilaya, akaisoma tena, akaulizia habari za mfereji. Nusu saa ikapita. Chai ikapoa, malai yakaganda juu yake.

"Mwenyekiti," alisema Zuurakan, "mimi sina pa kwenda. Pigisha kura."

Kura ikapigwa. Mikono sita kwa chekechea, mitano kwa jukwaa. Ule wa Orozali ulikuwa katika mitano, umenyooka kama wa mwanafunzi. Aliushusha, akachukua kofia yake na fimbo yake, akapita nyuma ya kiti cha Zuurakan.

"Chai yako imenitosha, shemeji," alisema kwa upole. Afadhali angepiga kelele.

Habari zilitembea haraka kuliko gari la maziwa. Nasipa alimletea siagi, akamkumbatia mlangoni, akakimbia kwa ng'ombe wake. Wake za madiwani, hata wale walioipigania chekechea vitandani mwao, walimsalimu kwa kichwa na kupita. Mwanamke aliyewajazia wazee vibakuli si mtu wa kusimama naye njiani. Kwenye sherehe ya tohara wiki iliyofuata aliketishwa mwisho kabisa wa kitambaa cha chakula, na nafasi ya kushoto kwake haikukaliwa na mtu.

Perizat alipopiga simu alikuwa analia na kucheka pamoja. "Mama! Umeweza! Mkuu mpya wa chekechea kaniandikia, nafasi ni yangu, Septemba tuko hapo. Begayim, mwambie bibi!" Uso wa mtoto ukajaa kwenye simu, ukasema kitu kwa Kirusi, ukakwama mdomo wazi.

"Na Baba Mkubwa anasemaje?" Perizat aliuliza.

"Amefurahi," alisema Zuurakan. "Anakusalimu."

Ilikuwa Mei. Mafundi walianza kazi, na tangu asubuhi alisikia nyundo zao juu ya chekechea, sauti aliyoingoja miaka tisa. Alifagia chumba cha mtoto, akakipaka chokaa, akashona godoro dogo la pamba. Mpaka adhuhuri alikuwa mtu mwenye furaha. Adhuhuri ikishapita, masikio yake yalianza kazi yao nyingine.

Baada ya swala ya alasiri farasi wa kijivu alishuka njiani. Zuurakan aliijua hatua yake, mguu mmoja wa nyuma ukiburuta kidogo. Alikuja mpaka usawa wa lango, na kwa kuwa ni mnyama na hakuna aliyemweleza habari za baraza, alisimama mwenyewe kwenye kigingi, kama alivyozoea miaka yote. Zuurakan alisimama nyuma ya dirisha. Kisha ikasikika sauti ya mzee, chini chini, ikimwambia farasi aende, na kwato zikaendelea.

Alirudi kuketi. Mahali pa heshima, mbali na mlango, alikuwa ameweka kibakuli. Alimimina chai ndani yake, kidogo, thuluthi tu, akangoja. Ilipopoa akaimwaga, akamimina nyingine, kidogo vile vile.