Makao ya Mama

Nimekuwa fundi mwashi tangu nilipoacha shule darasa la sita. Chumba najua kukijenga. Maneno ndiyo yananishinda.

Jumamosi nilipanda kwetu mlimani na kirikuu ya kukodi, kumchukua mama. Chumba chake kwangu, kule Moshono, kilikuwa tayari: vigae, choo cha ndani, kitanda kipya. Mwaka huu ameanguka mara mbili akienda kuchota maji. Mimi ndiye kitinda mimba. Kwa mila yetu boma la wazazi ni langu, na mama ni wangu.

Nilimkuta mlangoni anamenya ndizi. Mwinjilisti Lydia alikuwa amekuja kumjulia hali.

“Shikamoo mama. Funga mizigo, gari linangoja.”

“Marahaba. Lingoje.”

Kwa kuwa mwinjilisti alikuwapo, nikatumia Biblia. “Hata Yesu alisema anakwenda kuandaa mahali, kwa Baba yake kuna makao mengi. Nami nimeandaa. Mwinjilisti, mwambie.”

Lydia akatabasamu. “Kwa Kigiriki neno hilo ni monē. Mahali pa kukaa tu, si jumba. Katika Agano Jipya limo mara mbili tu, na zote sura hiyohiyo. Mara ya pili Yesu anasema mtu akimpenda, yeye na Baba watakuja kukaa kwake.”

“Sasa nani anahamia kwa nani?”

“Yote mawili.”

“Haiwezekani! Mtu anaingia mlangoni au anatoka.”

“Huyu anadhani mbinguni kuna vigae,” mama akasema. Wakacheka wote wawili.

“Mwinjilisti, uko upande wa nani?”

“Mimi nimekueleza neno tu, Nathanaeli.”

Mama akaweka kisu chini. “Ulipovunjika mguu kazini kule Kisongo, ulikuwa na chumba cha kuniandalia? Nilikuja nikalala juu ya mifuko ya saruji majuma matatu. Ulipokuwa wewe, ndipo nilipokaa.”

Dereva, Lucky, akapiga honi.

“Bosi, tunapakia au hatupakii?”

“Rudi Moshono. Leta kitanda.”

“Kile kipya cha mama?”

“Changu. Cha zamani.”

Mke wangu Angel atauliza kuna nini, na sijui nitamwambia nini. Lile neno mpaka sasa sijalielewa. Nilichukua ndoo nikaenda kuchota maji.