Kiti cha Siku Kumi na Nne

Vifungo vilikuwa saba. Binti alianzia cha chini kwenda juu, harakaharaka, daftari la shule kalibana kwapani, na mama yake amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono mbele, kama mteja wa fundi cherehani. Vidole vya mama havikuwa vikikunjika tangu alfajiri. Havikuvimba wala havikubadilika rangi. Ungeviona ungesema ni vya mtu mwenye afya yake.

"Inua mkono kidogo, mama."

"Ndio nimeshainua."

Binti aliutazama ule mkono uliobaki palepale, akainama kumfunga kamba za viatu.

Kazini mama huyu walimwita Nguzo. Alikuwa mhudumu wa jumba la makumbusho, wa wale wanaosimama pembeni mwa chumba kuangalia mgeni asiguse vitu, na wenzake walimbandika jina hilo kwa kuwa kila ukimtafuta utamkuta kwenye nguzo, bega limeegemea. Ugonjwa wake ulikuwa wa ndani. Kinga ya mwili, daktari alimweleza, imemgeukia mwenyewe na inamla viungo. Hautaonekana kwa macho, na kupona hakupo. Kusimama kutwa lilikuwa sharti la kazi. Kuegemea lilikuwa kosa. Alishapata barua mbili za onyo, na barua ya tatu, kila mhudumu alijua, ni ya kufungasha virago.

Basi akaomba kiti. Kamati ya ustawi wa wafanyakazi ikamwita Jumanne, na hapo ndipo alipojiponza. Alilelewa kwamba ukiitwa na wakubwa huendi umejikunyata. Akameza vidonge viwili vikali alivyokuwa akivitunza kwa siku mbaya kabisa, binti akampigia sare pasi, akapaka poda na wanja. Akaingia akitembea wima, akawaamkia mmoja mmoja kwa adabu zote.

"Umependeza, dada," alisema mkuu wa wahudumu, aliyekuwa mwenyekiti. "Sasa mgonjwa ndiye wewe?"

"Ndiyo, mkuu. Magoti, nyonga, vidole. Leo nimemeza dawa, ndiyo maana..."

"Kwa hiyo dawa inasaidia."

"Inasaidia saa mbili tatu, halafu..."

"Inasaidia," mkuu alimwambia karani, na karani akaandika.

"Nina cheti cha daktari, mkuu."

"Cheti tumekiona. Lakini na sisi tuna macho, dada yangu. Hata mimi magoti yananisumbua. Nikikupa wewe kiti, kesho wahudumu wote watakuja na vyeti. Jikaze."

Akajikaza kisabuni. Hasira alikuwa nayo zamani, miaka ya mwanzo. Siku hizi haikufika hata kooni.

Mwezi uleule jumba likatangaza maonyesho mapya: Maradhi Yasiyoonekana. Mfadhili alikuwa amepatikana. Mlangoni ikajengwa njia ya mteremko kwa viti vya magurudumu, maelezo yakaandikwa pia kwa nukta nundu za wasioona, na benchi zikawekwa kila hatua ishirini ili asichoke mtu. Mtu, maana yake mgeni. Msanifu wa maonyesho, mwanamke mchangamfu mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, alitaka mgonjwa halisi wa kumtazama wakati akifinyanga sanamu. Akaambiwa yupo mmoja humuhumu ndani.

Kwa hiyo alasiri tatu Nguzo aliketi karakanani, saa za kazi, kwa ruhusa iliyotiwa saini na mkuu yuleyule.

"Kaa hivyohivyo, shoga yangu, usijitikise," msanifu alimwambia. Hakujitikisa. Siku ya pili alipitiwa na usingizi, na msanifu akamwacha alale.

Sanamu ilitoka vizuri: mwanamke wa sare, ameketi, mikono mapajani. Mfadhili alipokuja kuikagua aliizunguka mara mbili.

"Huyu ana nini?"

"Anaumwa," msanifu alisema. "Ugonjwa hauonekani, ndiyo maana ya maonyesho yenyewe."

"Wageni hawataelewa. Wataona mtu kajikalia zake tu. Mwongezeeni kitu."

Msanifu alimtazama mkuu, akaenda kutafuta bandeji. Goti la kushoto la sanamu likafungwa bandeji, na ndani yake pamba, ili livimbe.

Siku ya ufunguzi Nguzo alipangiwa chumba hicho kwa sababu, mkuu alisema, somo analielewa. Hakikuwa na nguzo hata moja. Wageni waliingia, macho yao yakatua kwenye bandeji, wakasema pole. Mama mmoja alitoa leso akajifuta machozi. Ilipofika mchana, magoti ya Nguzo yalianza kulegea, akagusa ukuta kwa kiganja. Kugusa tu. Alipoinua macho alimwona mkuu mlangoni, anatoa kalamu mfukoni.

Alikwenda stoo. Boksi la bandeji zilizobaki lilikuwa chini ya rafu. Akapandisha suruali na kujifunga goti la kushoto, vidole vikagoma, akakaza fundo kwa meno. Goti lenyewe lilikuwa laini, halina hata mkwaruzo. Alirudi akichechemea, suruali imekunjwa juu ya bandeji, na kuchechemea ilibidi akuigize, maana maumivu yake yalikuwa kila mahali sawasawa.

Mkuu alimwona, uso ukambadilika.

"Masikini! Dada, imekuwaje?"

"Nimeanguka ngazini, mkuu."

"Na umenyamaza tu! Hebu leteni kiti, nyie, mnangoja nini?" Mwenyewe akamshika kiwiko, akamkalisha, akamwagizia maji. Kalamu ilikuwa bado mkononi. "Utakaa nayo siku ngapi hiyo?"

"Wiki mbili."

Akaandika: ajali kazini, kiti, siku kumi na nne.

Siku kumi na nne Nguzo alikaa. Wenzake walimletea chai palepale, na wageni walimsalimia kwa sauti ya chini. Alikuwa hajawahi kupewa pole nyingi namna ile tangu aanze kuumwa. Usiku alilala. Hakusikia furaha wala haya. Alihesabu siku tu.

Siku ya kumi na tano mkuu alikuja na muuguzi wa huduma ya kwanza. Muuguzi akapiga magoti, akaifungua bandeji taratibu asimuumize, akalibonyeza goti huku na huku.

"Safi kabisa," alisema. "Hongera, dada. Umepona."

Mgeni mmoja akapiga makofi, na wenzake wakamfuata. Mkuu, akitabasamu, akashika mgongo wa kiti kwa mikono miwili, akangoja ainuke.